Kitambaa cha zambarau kinachuja, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Niko Ujiji, Kigoma, naomba ushauri kwa mafundi. Namshonea binti yangu blanketi la vipande, anaenda bweni Tabora, na yeye kila kitu ni zambarau, hata ndala. Nimepanga kuchanganya na kitambaa cheupe. Tatizo hicho cha zambarau kinachuja. Nimekiloweka kwenye maji ya chumvi, nikasuuza, bado maji yanatoka kama nimekamulia zambarau zenyewe, na kipande cheupe nilichojaribia kimeingia rangi. Sijaunganisha bado. Kuna namna ya kukizuia, au nitoe cheupe kabisa?

Pia katikati naweka blanketi jepesi kuukuu. Nikipitisha kwenye cherehani, bitana ya chini inajikunja hata nikibana pini. Nipige bandi (ile mishono mirefu ya muda) kwa mkono kwanza?