Mjadala: Dunia za gemu zizidi kuwa kubwa, au zianze kutukumbuka?

Mzururaji (mtoa mada)

Wakuu habari za saa hizi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wikiendi, naomba tulichambue bila matusi. Kila trela ya gemu mpya inakuja na sifa ileile, ramani kubwa kuliko ya mwanzo, na sisi tunashangilia utadhani tumegawiwa viwanja. Mimi nasema hatukuomba ukubwa. Tulichoomba miaka yote ni dunia inayojua kwamba tupo, na hicho ndicho tunachopewa kwa kijiko.

Niwape kisa. Gemu moja, jina nalihifadhi, nimekesha kuokoa kijiji kisiteketee. Nimezima moto, nimefukuza majambazi, nimebakiwa na damu ya kuhesabu. Kunakucha mle ndani naingia kwa muuzaji ambaye duka lake nimelizimia moto kwa mikono yangu hii hii, ananitazama anasema, "Karibu mgeni, sijawahi kukuona maeneo haya." Nikaweka pedi ya kuchezea chini nikaenda kulala. Kilomita zote zile na hakuna hata mtu mmoja mwenye kumbukumbu!

Sasa linganisha na Majora's Mask ya mwaka 2000. Mji mmoja na maeneo machache yanayouzunguka, siku tatu tu halafu mwezi unaanguka, unarudisha wakati nyuma unaanza upya. Kadogo kweli. Lakini watu wa pale wana ratiba zao, mtu wa posta ana njia zake na saa zake, na wanabadilika kadiri mwezi unavyosogea. Kuna mwalimu wa upanga anajigamba kwamba mwezi ukija ataukatakata. Mtafute usiku wa mwisho, utamkuta kajificha chumba cha nyuma anatetemeka. Mimi sikuambiwa na mtu niende kule, nilipita tu nikamkuta, na mpaka leo namkumbuka kuliko mabosi wengi, wale maadui wakuu wa gemu, niliowaua.

Na wanaosema ukubwa ndio maendeleo waangalie mfululizo wa gemu wa The Elder Scrolls. Daggerfall ya 1996 ilikuwa na eneo linalolinganishwa na Uingereza nzima, miji na mapango zaidi ya 15,000, karibu yote yametengenezwa na kompyuta yenyewe. Iliyofuata katika mfululizo mkuu, Morrowind ya 2002, wakashuka mpaka kisiwa kimoja wakakipanga kwa mkono. Hiyo ya kisiwa ndiyo watu wanaihadithia mpaka leo.

Swali langu ni jepesi: ramani mara kumi ya hizi za sasa, au robo yake lakini watu wa mle wanakukumbuka. Unachukua ipi?

Mwendapole

Mkuu nakuheshimu ila hapa umechemka. Mimi nikitoka kazini nimeshaongea na watu siku nzima, kila mtu ananijua, kila mtu ana shida na mimi, sasa niingie kwenye gemu nikute muuzaji naye ananikumbuka ananiuliza mbona jana hukuja? Hapana aisee. Mimi nataka farasi, njia ndefu, mvua, na nisikutane na mtu dakika ishirini. Kutojulikana ndiyo raha yenyewe.

Halafu unasahau gemu iliyouza kuliko zote. Minecraft kufika 2023 walishatangaza nakala zaidi ya milioni 300, na dunia yake toka ukingo mmoja hadi mwingine ni vitalu milioni 60, huwezi kuimaliza. Hakuna anayekujua mle. Mwanakijiji anakwambia "hmm" tu. Lakini hiyo dunia inakukumbuka kuliko hiyo Majora yako, kwa sababu shimo ulilochimba linabaki shimo, na mti uliokata haurudi mpaka upande mche mwingine.

Mzururaji

Hapo kwenye shimo umenishika kidogo. Naendelea kufikiria.

NusuSaaTu

Nyie mnabishana kama watu wenye muda wa kutosha. Mimi nina mtoto wa miezi saba, nacheza nusu saa akilala, na hiyo nusu saa robo yake ni apdeti. Mnavyosifia gemu za zamani mnasahau kwamba Morrowind inakwambia kwa maneno tu, vuka daraja, kata kushoto kwenye jiwe, ukiona mti mkavu umeshapita. Ukisoma vibaya umepotea. Ilikuwa tamu nikiwa na miaka kumi na sita. Sasa hivi nikipotea nusu saa ndiyo imeisha hiyo, mtoto kaamka, sijafanya kitu.

Kwa hiyo mimi nataka alama kwenye ramani. Ndiyo, zile zile ambazo wengi wanaziponda. Ila sitaki 400. Ramani ikifunguka ikiwa na alama za kuuliza kama upele, hiyo ni orodha ya kazi za nyumbani, na za nyumbani ninazo.

Walioniridhisha ni Ghost of Tsushima, 2020. Unatelezesha kidole kwenye pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda, nyasi zinalala upande ule, majani yanaruka. Macho yako yako kwenye dunia, hayako kwenye kaduara ka ramani pembeni ya skrini. Wangeiga wote.

gumba_la_moto

Ramani kubwa. Nimemaliza. Mnaotaka kukumbukwa tafuteni wachumba.

Fundi wa Kodi

Hahaha @gumba. Sasa mimi najifunza kutengeneza gemu kwa hobi, hebu niseme kwa nini mnapewa kilomita badala ya kumbukumbu, maana watu wanadhani ni uvivu.

Kilomita ni rahisi. No Man's Sky ya 2016 ina sayari zaidi ya 18 na sifuri kumi na nane mbele yake, na mle hakuna diski iliyohifadhi hata moja kati ya hizo. Kila sayari inatoka kwenye namba, fomula inaichora ukifika, ukiondoka inafutika, ukirudi inachorwa vilevile. Namba hiyo ina biti 64, yaani nafasi 64 za sifuri au moja, na ndiyo maana hesabu inaishia pale. Yaani ukubwa wote ule ni ukubwa wa namba moja. Unaweza kutengeneza ulimwengu na timu ndogo, na wao walikuwa timu ndogo kweli.

Kumbukumbu ni kitu kingine kabisa. Chukua maamuzi kumi tu ya ndiyo au hapana, uliokoa kijiji au hukuokoa, ulimwibia au hukumwibia, na kadhalika. Hayo kumi yanazaa hali 1,024. Ukitaka muuzaji awe na la kusema katika kila hali, kuna mtu akae aandike, mwingine aigize sauti, mwingine ajaribu isiharibike, halafu itafsiriwe lugha zote. Na mchezaji ataona hali moja tu kati ya hizo. Bosi wa kampuni anauliza, kwa nini nilipie 1,023 ambazo huyu hatoziona? Anaongeza mlima.

Kuna waliopata njia ya mkato. Middle-earth: Shadow of Mordor, 2014. Orki, yaani askari adui wa mle, akikuua anapandishwa cheo, mkikutana tena anakukejeli kwa jinsi alivyokuua. Ukimchoma moto ukadhani amekufa, anaweza kurudi na makovu, na anakulaumu. Haikuandikwa hadithi ya kila orki, waliandika vipande vipande na mfumo unaviunganisha. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko ramani yoyote ya muongo ule. Halafu nini kikatokea? Warner Bros. wakaomba patenti, yaani hati ya kumiliki ubunifu, wakapewa 2021. Sasa studio nyingine ikitaka kujaribu kitu cha namna hiyo kwanza inaita mwanasheria. Kwa hiyo @Mzururaji, dunia inayokukumbuka ilishatengenezwa, ikafungiwa kabatini.

Mzururaji

Hii ya patenti inaniuma kila nikiisikia. Mlima hauna mwenyewe, mtu yeyote anachora mlima wake, lakini orki kuweka kinyongo kuna mwenye hati.

Ila kwenye 1,024 nakupinga kidogo mtaalamu. Sihitaji muuzaji awe na hotuba ya kila hali. Nahitaji aache kusema ni mgeni! Anyamaze tu akinitazama. Apunguze bei. Aweke ubao mpya pale palipoungua. Kwenye Red Dead Redemption 2 kuna familia inajenga nyumba, unapita leo kuna nguzo, unapita baadaye kuna kuta, siku nyingine paa limeezekwa. Hakuna aliyenipa misheni, hawanijui kwa jina, lakini nilijua muda unapita mle hata nisipokuwepo. Kitu kidogo vile kina uzito kuliko bonde zima.

Mwendapole

Na hiyo Red Dead inataka GB 150 kwenye kompyuta, kwa hiyo usiniletee mfano wa udogo hahaha. Na ile nyumba uliiona kwa sababu ulikuwa unazurura kwenye ramani kubwa bila haraka. Ungekuwa kwenye mji mmoja ungepita pale mara tano kwa siku, ungewaona mafundi kama kero.

sikio_kali

Naomba niingie kwa upande ambao hakuna aliyeugusa. Mimi macho yangu hayaoni vizuri, la kushoto karibu halifanyi kazi. Mtu akisema "toa alama zote, acha mchezaji atafute mwenyewe" mimi nasikia "wewe baki nje". Upepo wa nyasi unaosifiwa hapo juu, mimi siuoni kabisa, kwangu ni kijani kinachotikisika.

Ninachotaka kwenye dunia ya gemu ni sauti ya kweli. Mto nisikie uko kulia na unakaribia. Nikiingia pangoni mwangwi ubadilike. Hatua kwenye changarawe zisifanane na hatua kwenye matope. The Last of Us Part II ya 2020 iliweka mipangilio zaidi ya 60 kwa watu kama sisi, kuna ya kusikilizia palipo na vitu na maadui kwa mlio, na kuna wasioona kabisa walioimaliza. Ile si dunia wazi ya kuzurura utakako, ni njia iliyopangwa, lakini nashindwa kuelewa kwa nini wenye ramani za kutisha wasifanye hivyo. Pesa ya kuchora kisiwa cha nne ipo, ya kutofautisha changarawe na matope haipo?

NusuSaaTu

Samahani kaka, sikuliwaza hilo la upepo. Basi iwe vyote na kila mtu achague kwenye mipangilio.

sikio_kali

Ni dada. Lakini tuko pamoja.

mzee_wa_ukungu

Mmeniamsha. Nyote mnabishania ukubwa kana kwamba ukubwa ni kitu cha kupima kwa rula. GTA San Andreas ya 2004, mlioicheza mnakumbuka ilivyokuwa nchi? Miji mitatu, jangwa, mlima, unaendesha unasema hapa nimesafiri. Mashine ya wakati ule haikuweza kuonyesha mbali, wakafunika na ukungu, na barabara zikapindishwapindishwa usifike kwa mstari mnyoofu. Ilipotoka upya 2021 ukungu ukawa umeondolewa. Watu wakapanda juu na ndege, wakaona miji yote kwa mpigo mmoja, mlima uko hatua chache tu kutoka kwenye maghorofa. Kasehemu! Ramani ni ileile haikupunguzwa hata mtaa, lakini dunia ikafa siku hiyo, watu wakalalamika mpaka basi.

Kwa hiyo mimi sitaki ramani kubwa wala ndogo, nataka watengenezaji wanifiche vitu. Breath of the Wild waliweka mbegu 900 za Korok, vizawadi vilivyofichwa kila kona, na 441 tu zinatosha kupanua mifuko yako ya vifaa mpaka mwisho. Zilizobaki wala hukupaswa kuzitafuta, zimemwagwa ili popote utakapogeuza jiwe kwa udadisi ukute mtu alikuwaza. Wapo waliozitafuta zote 900, zawadi yao ni kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi. Nintendo, wenye gemu, walikuwa wanawatukana kwa upole.

gumba_la_moto

Mimi ninacho hicho cha dhahabu. Msinizoee.

Fundi wa Kodi

Hahahahaha ndiyo maana unataka ramani kubwa.

Mzururaji

Sawa, nimesoma zote. Sibadilishi yote ila nabadilisha sehemu. Niliposema dunia initambue nilikuwa nafikiria watu wanaoongea tu. Shimo la Mwendapole na ukungu wa mzee vimenitoa hapo. Bado nasema kilomita zinatangazwa kwa sababu zinaandikika kwenye bango, na kumbukumbu haiandikiki. Na bado yule muuzaji nina kesi naye.

Mwendapole

Kwa sababu yako jana usiku nimefungua dunia yangu ya Minecraft ya zamani sana, sikumbuki hata niliianza lini. Nimetembea kufuata mienge niliyoipanga njiani, nikafika kwenye kibanda changu cha kwanza. Kitanda kipo. Mlango nimeuweka umegeukia upande mbaya, wa nje uko ndani. Kuku niliyemfungia yupo vilevile. Nimekaa mle mpaka kukakucha.

Mzururaji

Mlango umegeuka, kuku umemfunga miaka yote hiyo, halafu unasema hutaki watu wanaokumbuka. Ningekuwa huyo kuku ningekuwa na maneno mawili matatu.