Baba kapitishwa KICC kwa makofi: huo ni mchujo gani?

Hasla wa Section 58
Salamu kutoka Nakuru. Nauliza bila matusi, mnijibu bila matusi. Machi 12, 2022 nilikaa mbele ya runinga tangu asubuhi nikingoja muungano wa Azimio wamchague mgombea wao wa urais pale ukumbi wa KICC, Nairobi. Sikuona sanduku. Sikuona karatasi. Sikuona hata mpinzani wa kusingizia. Vyama zaidi ya 20 vimejazana ukumbini, Rais Uhuru yupo, jina la Raila, huyo Baba wenu, linatajwa, watu wanashangilia, basi, imekwisha. Na hiki ODM, chama cha Raila, kina neno demokrasia ndani ya jina lake! Mtu asiyeshindanishwa nyumbani kwake tutamjuaje atakavyopokea kushindwa Agosti 9? Hata steji ya bodaboda ya Kondele, Kisumu, ina uchaguzi wenye adabu kuliko ule.

Kondele Damu
Omera, siku tatu baadaye ninyi wa UDA, chama cha Ruto, mlikuwa ukumbi wa Kasarani. Taja jina la aliyeshindana na Ruto. Moja tu. Nakungoja.

Hasla wa Section 58
Ruto hakuhitaji mpinzani kwa sababu hakuna aliyejitokeza. Kuna tofauti ya kukosa mpinzani na kumfungia mpinzani mlango.

Kondele Damu
Kwa hiyo wenu alikosa mpinzani, wetu alifungia wapinzani. Makofi yenu ni ya upendo, yetu ni ya kulazimishwa. Haya.

Tena nikukumbushe. Ruto na Baba walishindanishwa kwa kura, wajumbe wakipanga foleni Kasarani hiyo hiyo, Septemba 2007. Ruto alishindwa. Mudavadi alishindwa. Ukitaka mpinzani wa Baba, tulishampata na tukamhesabu.

Mwana Chavakali
Ondoeni jina la Musalia Mudavadi kwenye ugomvi wenu. Kila mkikosa hoja mnamrusha Musalia kama jiwe. Huyo mtu 2007 alikubali matokeo, akashika mkono, akafanya kampeni. Mwisho wa 2012 akaahidiwa tiketi ya urais na Uhuru kwa karatasi iliyotiwa sahihi, baada ya siku chache akaambiwa ni mapepo yalimwandikisha mwenzake. Mapepo! Mnataka tuzungumze mchujo? Hakuna mtu Kenya hii aliyechujwa kama Musalia.

Kondele Damu
Na sasa ameenda kwa Ruto achujwe tena.

Mwana Chavakali
Afadhali huko kuliko kukaa kwenu miaka yote kubeba mkoba.

Binti wa Milimani
Kisumu hapa. Jamani, kabla hamjafika mbali: Katiba kifungu cha 137 kinasema mgombea urais awe ameteuliwa na chama au awe huru, kisha apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo zizidi nusu. Hiyo ni 24. Na sheria ya vyama aliyoitia sahihi Uhuru Januari 2022 inaruhusu chama kuteua mtu kwa njia ya wajumbe. Kwa hiyo KICC na Kasarani zote ni halali. Swali la maana ni nani aliwachagua hao wajumbe. Nani kati yenu aliwahi kuitwa kumchagua mjumbe wa chama chake? Mimi sijawahi.

Boda wa Nyalenda
Ngojeni kwanza. Huyu wa Nakuru amesema nini kuhusu steji za Kisumu?

Hasla wa Section 58
Nilisema zina adabu, ndugu yangu. Nilikuwa nakusifu.

Boda wa Nyalenda
"Hata steji ya bodaboda." Hiyo *hata* naijua. Ni hata ya kusema hata mbuzi angeweza.

Mimi ni katibu wa steji yetu, mwaka wa tatu sasa. Acha nikueleze tunavyochagua mwenyekiti. Wagombea wanasimama kando ya barabara, kila mmoja na mahali pake. Waendeshaji wanapanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Anayehesabu ni mama anayetuuzia chapati. Unajua kwa nini yeye? Kwa sababu anatudai sote, hana wa kumpendelea. Akimaliza kuhesabu, tunapiga makofi. Makofi yanakuja MWISHO, si mwanzo. Waambie hivyo wakubwa wenu wa KICC na Kasarani.

Binti wa Milimani
Huyu mama apewe IEBC, tume ya uchaguzi.

Mwalimu wa Lurambi
Nilikuwa nasoma kimya, lakini neno mstari limenitoa. Vijana, mnajua mnachokisifu? Huo ni mlolongo. 1988 nilikuwa mwalimu kijana huku Kakamega, nikaitwa kusaidia siku ya mchujo wa KANU, chama cha Rais Moi. Watu walisimama juani nyuma ya wagombea, mstari mmoja umezunguka uwanja wa mpira mpaka kwenye vyoo, mwingine ungetosha kujaza matatu mbili. Nilihesabu kwa kidole, nikaandika, nikakabidhi. Jioni redio ikamtaja wa matatu mbili.

Na kulikuwa na sheria ya asilimia 70: ukiipata kwenye mstari, unaingia bungeni bila kurudi kwa wananchi. Kura ya siri hukuiona kabisa. KANU wenyewe waliona aibu wakaufuta mlolongo Desemba 1990. Na walikutana wapi kuufuta? Kasarani. Ile nyumba imeona mambo.

Hasla wa Section 58
Kwa hiyo mwalimu unakiri ulisaidia wizi wa kura.

Mwalimu wa Lurambi
Mimi nilihesabu. Sikutangaza.

Hasla wa Section 58
Na ulinyamaza.

Mwalimu wa Lurambi
Kijana, 1988 ulikuwa wapi? Kama ulikuwa hujazaliwa, sema "shikamoo" kisha uulize kwa nini watu walinyamaza. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga, na mshahara wa serikali. Wenye mali na majina makubwa kuliko langu waliosema waliwekwa ndani. Usinifanye mimi kuwa KANU.

Kondele Damu
Mwalimu, msamehe. Hao wanaimba kwamba Baba ni mradi wa Uhuru, lakini 2002 Moi alipomnyooshea Uhuru kidole bila mchujo wa maana, Ruto alikuwa pale pale mbele akishangilia. Upande huu Baba alitamka "Kibaki tosha" Uhuru Park. Maneno mawili, na miaka 24 ya Moi ikafika mwisho.

Mwana Chavakali
Hiyo nayo haikuwa na sanduku. Umejipiga bao.

Kondele Damu
Ilikuwa na matokeo.

Boda wa Nyalenda
Mwalimu, heshima yako, lakini mlolongo wako haukuwa na simu. Sisi kila mtu anapiga picha. Mstari mrefu hauwezi kuwa mfupi ukiwa kwenye simu 40. Kura ya siri ndiyo naiogopa, unaweka karatasi gizani na inahesabiwa gizani. ODM 2017 hapa Kisumu ilikuwa kura ya siri, na bado Ranguma alikataa matokeo ya mchujo wa ugavana akasimama kivyake dhidi ya Nyong'o.

Binti wa Milimani
Akashindwa na Nyong'o tena Agosti, lakini endelea.

Boda, nikuulize kwa upole. Mwaka jana ndugu yangu alikuwa steji yenu. Alipanga mstari nyuma ya aliyeshindwa. Wiki iliyofuata akaambiwa asionekane steji mwezi mzima. Mwenyekiti aliona mgongo wa nani ulikuwa wapi. Hiyo picha yako ya simu ndiyo ilimponza.

Boda wa Nyalenda
Alisimamishwa kwa deni la mchango wa mazishi.

Binti wa Milimani
Wenye deni hilo walikuwa wangapi?

Boda wa Nyalenda
Kadhaa.

Binti wa Milimani
Waliosimamishwa?

Boda wa Nyalenda
Dada, mambo ya ndani ya steji hayajadiliwi mbele ya watu wa Nakuru.

Hasla wa Section 58
Hahaha! Hiyo ndiyo ODM ninayoisema. Sisi UDA tunaenda mchujo Aprili, ubunge mpaka udiwani, watu wapige kura. Ninyi Siaya Orengo kapewa cheti cha ugavana mkononi, Homa Bay Wanga mkononi.

Kondele Damu
Orengo alikuwa anafukuzwa na polisi wa Moi wakati mtu wako Ruto yuko YK'92, kundi la vijana wa KANU. Cheti chake kiliandikwa kwa mabomu ya machozi. Usiniudhi asubuhi.

Mwalimu wa Lurambi
Orengo namheshimu, ila hata yeye angeshinda kura kwa raha. Kwa nini mkamnyima?

Boda, mnachagua tena lini?

Boda wa Nyalenda
Jumapili ya pili ya mwezi ujao, mwalimu.

Mwalimu wa Lurambi
Basi nina sanduku la shule la mbao, lina mwanya juu na kufuli. Nitalituma kwa matatu ya Kisumu. Jaribuni siri mara moja, msipoipenda mnirudishie.

Boda wa Nyalenda
Asante mzee wangu. Nimemsomea mwenyekiti, amekubali mara moja, hata sikutegemea. Anasema ulitume kwa jina lake, na ufunguo uuweke kwenye bahasha ya kando, atautunza yeye.