Mrejesho: yule ndege wa kichakani nimemwona

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa lile swali langu la kindege kisichoonekana, kinacholia kichakani kama mtoto wa mbuzi aliyeachwa na mama yake. Mliosema ni kamaroptera, mmepatia.

Kumfuata hakukusaidia kitu. Ukisogea tu, ananyamaza. Asubuhi ya tatu nikaketi chini, kimya, macho usawa wa matawi ya chini kabisa. Dakika 20 hivi, huyo, akirukaruka ardhini: kichwa na mgongo wa kijivu, mabawa ya kijani kama jani bichi, kimkia kifupi kimesimama wima. Siku zote nilikuwa nakodolea macho juu!

Na ule mlio mwingine, tak-tak-tak kama kokoto zikigonganishwa, niliodhani ni wa ndege tofauti? Wake pia, ndio wimbo wa dume.

Kiota nacho nimekiona, karibu na ardhi. Ameshona majani mabichi kwa utando wa buibui, yakabaki yananing'inia kwenye tawi lake. Sikukigusa. Picha sikupiga, mniwie radhi, nilihofia asije akakihama.