Tumeuziwa nyumbu wa Mto Mara mwezi Februari! Hivi madalali wa safari za Serengeti mnatuona mazuzu?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Sisi ni familia kadhaa za hapa Dodoma, tulichanga mdogo mdogo ili watoto nao waione Serengeti kwa macho yao. Kampuni tuliyoangukia (jina siweki, uzi usije ukafutwa) ilitutumia tangazo WhatsApp: nyumbu wanajirusha mtoni, mamba kaachama, OFA YA FEBRUARI. Tukauliza kwa maandishi, tena zaidi ya mara moja: hao nyumbu Februari tutawakuta wakivuka? Jibu likaja, "Asilimia mia, mkuu."

Asilimia mia! Februari!

Nyumbu wanafuata mvua na majani. Kuvuka Mto Mara kule Kogatende, kaskazini kabisa, ni habari ya Julai mpaka Oktoba hivi. Vuli ikianza wanateremka kusini, na kuanzia Januari hadi Machi wametanda nyanda za Ndutu, pale Serengeti inapopakana na Ngorongoro. Nyumbu zaidi ya milioni moja, na wanazaa! Majani ya kule ni mafupi, yameota kwenye majivu ya volkano, yana madini anayohitaji mama anayenyonyesha, na uwazi ule unamfanya amwone fisi angali mbali. Wengi wanazaa ndani ya wiki chache tu, na ndama anasimama na kuanza kukimbia dakika chache baada ya kudondoka. Simba, duma na fisi wote wanahamia huko kwenye karamu. Hata wafugaji wa Kimasai wa Ngorongoro msimu huo huwaondoa ng'ombe wao kwenye nyanda hizo, maana ndama wa nyumbu wana virusi vinavyoua ng'ombe. Yaani mchunga ng'ombe anajua nyumbu wako wapi Februari, anayeuza safari za nyumbu hajui?

Anajua. Hilo ndilo linaloniuma. Picha ya mto inauza, basi anaiuza mwaka mzima.

Sasa sikieni kituko. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, inapita karibu na njia panda ya Ndutu. Nyumbu tuliwakuta pale pale, weusi mpaka upeo wa macho, vindama vya rangi ya kahawia vikiwafuata mama zao. Gari zima linapiga kelele. Shemeji yangu akamwambia dereva, "Kaka, simama basi watoto waone." Dereva akakanyaga mafuta: "Ratiba inasema Kogatende, dada, tutachelewa." Tukaliacha tukio kubwa la msimu ule nyuma yetu, tukaenda kutafuta tukio la Agosti.

Kutoka Seronera, katikati ya Serengeti, hadi Kogatende ni mwendo wa masaa, barabara ina matuta ya kuchomoa figo. Tulipofika mtoni tukakuta viboko, mamba wamejilaza wanaota jua, na nyumbu hata wa dawa. Mtoto akauliza watakuja saa ngapi. Nani amjibu?

Na hela je? Tuliambiwa "kila kitu kimo". Lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, tukagundua wamelipia TANAPA (wale wa hifadhi za taifa, kama Serengeti) peke yake. Ngorongoro ni mamlaka nyingine yenye kiingilio chake, na unalipa hata kama unapita tu kwenda Serengeti. Sisi raia tunalipa kiasi kidogo ukilinganisha na wageni wanaolipa kwa dola, lakini mkiwa familia kadhaa mnajikuta mnachangishana getini kama msibani. Kushuka kreta nako kuna ada yake kwa kila gari, nayo "haikuwemo". Halafu kibali cha Serengeti kinahesabiwa kwa masaa 24 tangu unapoingia. Ule mzunguko usio na faida wa kaskazini ukatupitisha muda, tukalipa tena. Dereva akasema tuwasiliane na ofisi. Ofisi simu haipokelewi.

Tuliporudi ndipo wakajibu: "Wanyama ni wa porini, hatuwezi kuwapangia." Nani kawaambia muwapangie? Nyumbu hana ratiba ya treni, wiki moja au mbili anaweza kuchelewa, hilo tunalielewa. Kutoka Februari mpaka Julai ni wiki ngapi?

Wale watakaokuja na "kwani hamkugoogle?", wapumzike kwanza. Tulimuuliza mtu anayelipwa kwa kujua, akajibu kwa maandishi, na meseji zake ninazo. Tunadai turudishiwe tulicholipa malangoni pamoja na gharama ya siku ile ya Kogatende. Barua tumeshapeleka, na wakiendelea kukaa kimya inayofuata inakwenda kwa wanaotoa leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, kama kweli hawa jamaa wanayo. Maana tulipoomba nakala yake tulitumiwa picha ya simba.

Kama kuna mdau mwenye leseni anayepeleka watu Ndutu kipindi cha kuzaliana, aje PM na mchanganuo ulioandikwa: TANAPA kiasi gani, Ngorongoro kiasi gani, gari na mafuta kiasi gani, kulala wapi. Atakayeanza na "nicheki tuongee vizuri, boss" simjibu.