Wagombea urais Kenya 2027 na ahadi za kushusha kodi: mwenye duka azipimeje?

Mama Duka, Likoni
Hamjambo wandugu. Nina duka la rejareja, na kila anayeutaka urais anaahidi kushusha kodi. Mwaka 2022 tuliahidiwa Hustler Fund, mfuko wa mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, upande mmoja, na shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini upande wa pili. Ilipokuja Sheria ya Fedha ya 2023, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16 na kodi ya mauzo ikatoka 1 hadi 3. Safari hii nataka kupima ahadi kabla sijapiga kura. Nianzie wapi?

Mpiga Hesabu
Anza na daftari lako, mama. Tuseme unauza laki tatu kwa mwezi na faida ni asilimia 6, yaani 18,000. Kodi ya mauzo haijali faida. Asilimia 3 ya laki tatu ni 9,000, nusu ya faida imekwenda. Ilipokuwa asilimia 1 ulitoa 3,000. Mgombea akisema atawapunguzia wafanyabiashara wadogo, muulize: kodi ipi, na kwa asilimia ngapi?

Binti Kisauni
Na kwenye VAT muwe macho sana. Mkate wa kawaida uko kwenye asilimia sifuri, kwa hiyo mwokaji hurudishiwa VAT aliyolipa kwenye gharama zake. Ukihamishiwa kwenye orodha ya misamaha, harudishiwi kitu, naye atakiongeza kwenye bei. Mwanasiasa atasimama aseme mkate hauna kodi, na bei imepanda vilevile.

Mzee wa Changamwe
Mimi nauliza pengo litazibwa na nini. Deni la taifa limeshapita shilingi trilioni 10. Anayeahidi kupunguza PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, bila kutaja atakachokata au atakachotoza, huyo mimi simpi kura. Halafu kodi hupitishwa na Bunge, kwa hiyo mgombea ubunge naye aulizwe maswali hayohayo. Mswada wa Fedha wa 2024 wabunge waliupitisha tarehe 25 Juni, vijana wetu wakauawa barabarani siku hiyohiyo, ndipo rais akakataa kuutia sahihi. Mimi majina ya waliopiga kura ya ndiyo ninayo.

Mama Duka, Likoni
Shukrani sana. Mpiga Hesabu, hiyo kodi ya mauzo ni lazima?

Mpiga Hesabu
Si lazima, mama. Unaweza kuiandikia KRA, mamlaka ya mapato, kwamba umechagua kodi ya mapato ya kawaida. Kwa faida ya 18,000 kwa mwezi, asilimia 10 ni 1,800, na ile nafuu ya 2,400 ya kila mlipa kodi inaifuta yote. Lakini kila gunia unalonunua liwe na risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki, la sivyo gharama hiyo hawaikubali.