Kupatwa kwa jua 2 Agosti 2027: kutoka Kigoma hadi Luxor, tujipangeje?

Mwanga_Kgm
Wakuu, salaam. Tupo watatu hapa Kigoma mjini, tunataka kuona jua likipatwa kikamilifu mwaka 2027. Luxor, Misri, ndiyo inatajwa sana. Kwa nini tusiende Somalia ambako ni karibu? Na vioo vyeusi vya mafundi wa kuchomelea vinafaa kutazamia? Tuna kamera yenye lenzi ya milimita 300.

Isevya_Tbr
Mkuu, nendeni Luxor. Somalia kivuli cha mwezi kinagusa ncha ya kaskazini mashariki, kufika huko ni shida na usalama ni mdogo. Luxor ipo karibu na mstari wa kati wa njia ya kivuli, giza litakaa dakika 6 na sekunde 20 hivi, kuanzia saa 7 mchana na dakika chache. Agosti mawingu pale ni nadra, ila joto hupita nyuzi 40, bebeni maji ya kutosha.

Cairo iko nje ya njia hiyo. Msibaki pale mkidhani jua likimegwa karibu lote inatosha: kipande chembamba kinachobaki kina mwanga wa kuficha korona yote, yaani ule utando mweupe wa nje wa jua. Ndiyo maana hata waliokwenda Rujewa, Mbeya, kutazama kupatwa kwa Septemba 2016 hawakuiona. Kile kilikuwa kipete, mwezi ulikuwa mbali mno kuziba jua lote.

Treni ya Kigoma–Tabora–Dar huchelewa, hivyo wekeni siku mbili tatu za akiba kabla ya ndege. Kutoka Cairo kuna treni na ndege za kwenda Luxor. Vyumba vikateni mapema sana. Visa ulizieni ubalozi wa Misri Dar, pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6. Chanjo ya homa ya manjano mchanjwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Fundi_Ujiji
Kioo cha kuchomelea angalieni namba iliyochapwa pembeni. Namba 14 ndiyo salama na inatuliza macho; vingi vya madukani ni 10 au 11, hivyo hapana. Kirahisi zaidi ni miwani ya kupatwa yenye alama ya ISO 12312-2. Ikiwa na mkwaruzo au tundu, tupeni. Picha za eksirei, CD na karai la maji viacheni kabisa. Maji hurudisha takriban asilimia 2 ya mwanga, ilhali miwani halali hupitisha chini ya asilimia 0.004. Sehemu ya ndani ya jicho haiumi ikiungua, mtu anakuja kujua baadaye.

Miwani mnaivua pale tu jua linapozibwa lote. Ule mmweko wa kwanza ukitokea upande wa pili, ivaeni papo hapo. Na msitazame kwa darubini mkiwa mmevaa miwani hiyo, lenzi zitakusanya joto na kuitoboa. Kwa darubini au kamera, kichujio cha jua (cha kupunguza mwanga) hufungwa mbele ya lenzi.

Mwanga_Kgm
Shukrani sana. Na kamera?

Isevya_Tbr
Kichujio mbele hadi giza, kisha kitoeni, la sivyo korona haitaonekana. Wekeni kamera ISO 200 (wepesi wake kwa mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi), pigeni mfululizo kuanzia 1/1000 ya sekunde mpaka 1/4. Zaidi ya hapo, kwa milimita 300 bila mota ya kufuata jua, picha itaburuzika. Fokasi wekeni kwa mkono kwenye ukingo wa jua, bandikeni pete ya fokasi kwa selotepu, halafu ihakikini tena dakika 10 kabla maana joto huisogeza.

Kinachowaangusha wengi ni stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Luxor jua litakuwa karibu utosini, na vichwa vingi vya stendi haviinuki kiasi hicho. Kamera inagonga mguu au inaporomoka taratibu. Jaribuni hapo hapo Kigoma mwanzoni mwa Machi au Oktoba, saa 7 mchana jua likiwa utosini, kichujio kikiwa kimefungwa. Bebeni na mkeka, kutazama mmelala ni nafuu kwa shingo.

Fundi_Ujiji
Bajeti ikigoma, tarehe 25 Novemba 2030 kivuli kitapita Namibia, Botswana na Afrika Kusini, Durban ikiwemo. Ni asubuhi, muda mfupi kuliko Luxor, na ni msimu wa mvua kwa Durban, hivyo Botswana au Namibia ningezipa kipaumbele.