Moyo ufunguliwe hapa Kisumu ama tuendelee kuandikiwa rufaa ya Eldoret?

Nesi wa thieta (mwenye mada): Kila nikipanda matatu ya Kondele nasikia watu wakiteta mbona hatununuliwi mashine ya moyo na mapafu, ile inayosukuma damu badala ya moyo, wagonjwa wapasuliwe hapa nyumbani. Mimi napinga, kwa sasa, nitukaneni polepole. Mashine ndiyo kitu rahisi. Kazi iko kwa moyo wenyewe ukishasimamishwa. Daktari akibana aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, kwa klampu, damu haifiki tena kwa misuli ya moyo, ndio wanaingiza ile dawa baridi ya digrii kama 4 imejaa potasiamu, mstari kwa skrini unayumbayumba halafu unalala tuli, moyo unabaki mlegevu ndani ya kifua, na kuanzia hapo anayetawala thieta ni saa ya ukutani. Moyo uliolala unatumia oksijeni kama moja ya kumi tu, lakini bado unakula. Dawa ya kuchanganya na damu hurudiwa kila dakika 20 hivi, ile ya del Nido iliyoanzia Pittsburgh kwa watoto inakupa saa moja hata zaidi. Ukipoteza hesabu, moyo unagoma kuamka.

Kuna mahali nilifanya kazi stima ilipotea usiku, asubuhi friji ya dawa ina joto, mgonjwa ashanyolewa kifua na hajala tangu jana, akarudishwa wodi analia.

Wa Nyalenda: Sista, hiyo ni kesi ya jenereta. Mpwa wangu ana valvu mbovu, ule mlango wa moyo, tumeenda Eldoret mara nne, nauli, mahali pa kulala, na mamake ameacha mboga zinaoza sokoni. Timu itazoea lini kama haianzi? Kila mtu alianza kwa kukosea.

Nesi wa thieta: Walikosea kweli. 1955 kule London daktari Melrose alisimamisha moyo kwa potasiamu kali, baadaye ikaonekana inaumiza misuli yenyewe, wakaiweka kando miaka mingi. Sasa sisi tukosee juu ya nani, mpwa wako?

Wa Nakuru: Nyinyi mnapigania mkia. Valvu nyingi za vijana huku kwetu zinaharibiwa na homa ya rumatiki, inaanza na koo tu. Sindano ya penisilini kila wiki 3 ama 4, pesa ziende huko.

Wa Nyalenda: Ya huyu ishaharibika bana. Mwambie penisilini airudishe.

Nesi wa thieta: Hapo umenishika, sina jibu la kukupa. Basi nisogee kidogo: manesi wetu na wale wa kuendesha mashine wapelekwe Eldoret ama hospitali ya Tenwek kule Bomet wakae mwaka mzima wakishika kazi, sio semina ya siku mbili na soda, warudi waanze na matundu ya moyo ambayo klampu haikai sana, valvu mbili kwa mpigo zingoje. Na jenereta inunuliwe kabla ya hiyo mashine, hapo sitoki.